City Park, Nairobi: sirudi tena. Au labda nitarudi

Nianze na kilichoniuma, maana nikitanguliza sifa hasira itapoa, na sitaki ipoe.

Juzi juzi hapa nilimpeleka mjomba wangu kwenye bustani ya City Park. Ameshapita miaka 80, anatembea kwa mkongojo, na kwa muda mrefu alikuwa akiniomba jambo moja tu: nimfikishe kwenye kaburi la Joseph Murumbi, kisha la mpigania uhuru Pio Gama Pinto.

Kwa Murumbi tulikuta vijana wana kamera, spika inapiga muziki, na nguo za kubadilisha wamezitandaza pale pale kaburini. Mjomba akavua kofia, akasimama kimya. Hata dakika mbili hazijaisha, mwenye kamera akapaza sauti: "Mzee, songa basi, unatuharibia shoti!" Shikamoo hakuna, tafadhali hakuna. Nikamwambia huyu mzee amekuja kumzuru marehemu. Akanijibu, "Kwani kaburi ni lenu? Hapa ni pa umma."

Pa umma! Ni kweli, na hapo ndipo panaponichoma. Wanyakuzi wa ardhi wameimezea mate bustani hii miaka na miaka, na kama wananchi wasingepiga kelele, huyo kijana asingekuwa na mti wa kupigia picha. Na Murumbi, ambaye kaburi lake walilitandazia nguo, alikuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, cheo alichokishika miezi michache tu ya mwaka 1966 kabla ya kujiuzulu. Alipofariki mwaka 1990 alizikwa hapa kwa sababu alitaka kulala karibu na rafiki yake Pinto, yule aliyepigwa risasi nje ya nyumba yake Februari 1965, binti yake mdogo akiwa ndani ya gari. Mjomba alikuwa kijana wakati huo. Habari ile aliisikia redioni, na mpaka leo akiisimulia sauti inamkwama.

Nilikusudia kuwaambia msiende kabisa. Lakini nitakuwa nimedanganya, kwa sababu saa moja kabla ya hapo nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata katikati ya Nairobi. Unaingia chini ya miti ya asili, msitu uliokuwepo kabla ya mji, na kelele za magari zinafifia nyuma yako. Kima wakashuka matawini, mmoja akaja hadi penye mkongojo wa mjomba, akaugusa, akarudi nyuma. Mjomba alicheka kicheko cha mtoto. (Chakula kifiche. Ukifungua mfuko tu, wameshakuzunguka.)

Kwa hiyo nendeni. Nendeni asubuhi mapema, siku ya kazi, kabla ya watu wa kamera. Ingawa kwa nini mzee wa miaka 80 apangiwe saa ya kusimama kaburini? Kila nikifikiria hilo narudi pale pale. Picha pigeni, sanamu zipo, nyasi zipo, msitu mzima upo. Kaburini zimeni muziki, mpisheni aliyevua kofia.

Nilitaka kuendelea kubishana. Mjomba akanishika mkono. "Tuondoke, mwanangu. Pinto tutamsalimia siku nyingine."

Kaburi la Pinto halikuwa mbali. Akavaa kofia yake, tukageuza, na hakusema neno mpaka tulipofika barabarani.