Vihisi vya kupima sevu ya tenisi: kipi ununue kwanza

Usianzie kwenye uzuri wa programu ya simu. Soma kwanza namba mbili kwenye maelezo ya kifaa: kasi ya juu ya mzunguko kinayoweza kupima, na kinapima mara ngapi kwa sekunde. Sevu huvishinda vifaa vingi hapo. Mkono wa mchezaji mahiri huzunguka begani kwa kasi inayoweza kupita digrii 2,000 kwa sekunde, na jairoskopu nyingi (sehemu ya kihisi inayopima kasi ya mzunguko) hukomea hapohapo. Kwenye grafu utaona mstari ukipanda, kisha kilele kimekatwa bapa. Kilichokatwa ndicho ulichokuwa unakitafuta. Mpira nao hukaa kwenye nyuzi za raketi kwa takriban milisekunde 5 tu. Kihisi kinachopima mara 100 kwa sekunde kinaweza kuukosa mguso wote.

Chaguo langu la kwanza ni seti ya vihisi vitatu: kifundo cha mkono, mkono wa juu na mgongo. Nguvu ya sevu huanzia miguuni, hupanda nyonga na kiwiliwili, ndipo ifike mkononi. Ukiwa na vitatu unaona kipi kilitangulia na kipi kilichelewa. Kiwiliwili kikichelewa, bega ndilo linalofidia, na hapo ndipo maumivu huanzia. Hakikisha seti inakuruhusu kutoa data ghafi, na mikanda yake ina silikoni kwa ndani. Jasho likishachuruzika, kihisi cha mkono wa juu huteleza kidogokidogo, na pembe zote zinazofuata huwa za uongo. Hili linaharibu vipimo vingi kuliko watu wanavyodhani.

La pili ni bangili au saa janja. Haioni miguu wala mgongo, lakini inahesabu sevu vizuri, na kwa kijana ambaye mifupa yake bado inakua, anayeweza kuumizwa na sevu nyingi mno, hesabu hiyo ina thamani kubwa.

La tatu, kihisi cha kitako cha raketi. Kinaijua raketi, hakiujui mwili. Ukinunua kilichotumika, hakikisha kwanza programu yake bado inafanya kazi.

Suti kamili ya kupima mwili mzima, kama ya chapa ya Xsens yenye vihisi 17, waachie makocha wa vituo vya mafunzo wenye mtu wa kusoma data hiyo.

Ukitaka kuvaa kihisi chochote kwenye mashindano, angalia kama kimo kwenye orodha ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF). Shirikisho hilo lilianza kuruhusu vifaa hivi mwaka 2014, ila vile vilivyoidhinishwa tu.