Saa ya mashine ya kununua ukiwa Mbeya: nimezipanga kwa kumfuata fundi

Kabla hujatoa hela yako kununua saa ya mashine, tafuta kwanza fundi. Nina saa kumi na moja nyumbani, na nne kati ya hizo zimelala kwenye droo kwa sababu moja tu: kuanzia Tunduma hadi Makambako sijapata mtu mwenye spea zake. Si saa mbaya. Moja niliinunua kwa pesa inayokaribia mshahara wa mwezi mzima. Ila imesimama, na itaendelea kusimama.

Kwa hiyo mpangilio huu haufuati ukubwa wa jina wala mng'aro wa mkanda. Kila saa nimeipima kwa swali moja: ikisimama Jumanne asubuhi, nani wa Mwanjelwa, Uhindini, au Miomboni kule Iringa ataifungua, na spea ataitoa wapi?

Kwa ambaye ndiyo anaanza, saa ya mashine ni ile isiyotumia betri. Ndani mna springi iliyokunjwa kwenye pipa dogo. Inapojikunjua inasukuma magurudumu ya meno, na gurudumu la mizani linayumba huku na huku likihesabu muda. Ya kutia ufunguo unaijaza kwa vidole kila asubuhi. Otomatiki ina kipande kizito cha chuma, umbo la nusu mwezi, kinachozunguka kadiri unavyotembea na kuijaza springi. Otomatiki nyingi za Kijapani huyumba mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kwa sekunde, ndiyo maana mshale wake wa sekunde unateleza badala ya kuruka.

Ya kwanza: Seiko 5 iliyotumika

Hapa sina mjadala na mtu. Seiko 5 ilianza kutoka mwaka 1963, na ile tano ilikuwa ahadi tano: inajijaza yenyewe, siku na tarehe viko kwenye dirisha moja, inahimili maji, kitufe chake cha pembeni cha kurekebishia kimefichwa kwenye namba 4, na bodi na mkanda ni vya kudumu. Utakazokutana nazo zaidi ni zenye mashine ya 7009, ya miaka ya 1970 na 1980, vito 17 (vijiwe vigumu vinavyoshika mihimili isilike), na zenye 7S26 iliyoanza 1996, vito 21. Zote mbili hujazwa kwa kifaa kidogo chenye kucha mbili, kinachovuta gurudumu nusu mwezi ukienda kulia na kulisukuma ukirudi kushoto. Seiko walikitengeneza mwaka 1959, na urahisi wake ndio unaofanya fundi wa barazani aweze kukifumua na kukirudisha bila kulia na mtu.

Fundi wangu wa Mwanjelwa ana kopo la maziwa ya unga limejaa Seiko zilizokufa. Hilo kopo ndilo lililonifanya niipe Seiko 5 namba moja. Siku nilipompelekea 7009 yangu ya kwanza nilimwamkia, akaitikia, halafu akauliza kabla hata hajaipokea: "Imesimama yenyewe, kijana, au umeiangusha?" Nikamwambia imesimama yenyewe. Akabana lenzi jichoni, akazungusha mfuniko, akainyanyua nusu mwezi kwa kibano na kuilaza juu ya karatasi nyeupe. Akaniita nichungulie. Kuzunguka vito, pale ambapo mafuta yalitakiwa yang'ae, palikuwa na utando wa kahawia kama gundi ya zamani. Aliifumua yote, akaosha kipande kimoja kimoja, akapekua kopo lake akatoa gurudumu kutoka kwa marehemu mwingine, akalilinganisha meno na langu, akalifunga. Kisha akaanza kutia mafuta kwa ncha ya sindano, tone ambalo mimi nilishindwa kuliona. Akaniambia mafuta mengi yanaua saa kuliko mafuta kidogo, maana yakifika kwenye ile springi ya gurudumu la mizani, nyembamba kama unywele, mizunguko yake inagandana na saa inaanza kukimbia.

Ile saa niliinunua shilingi 65,000, na kazi ya fundi ikawa 25,000. Ukipanga bajeti, panga hivyo: bei ya saa, na juu yake hela ya fundi, siku hiyo hiyo. Saa iliyotumika ambayo hujui ilisafishwa lini ihesabu kuwa haijasafishwa.

Unaikaguaje? Itikise kidogo kisha tazama mshale wa sekunde. Unatakiwa uondoke mara moja. Ilaze kifudifudi, kisha chali, kisha isimamishe kwa ubavu, na kila mahali isubiri dakika kadhaa. Ikisimama upande mmoja tu, mhimili umelika au umepinda. Geuza mgongo usome namba. Ukiona 7009 mwanzoni, basi chini kabisa ya uso wa saa, kwa maandishi madogo yanayotaka miwani, nako panatakiwa paanze na 7009. Zikitofautiana, uso umetolewa kwenye saa nyingine. Halafu kuna namba ya tarakimu sita: ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi, na Oktoba ni 0, Novemba ni N, Desemba ni D. Inayoanza na 84 kwenye 7009 inaweza kuwa Aprili 1978 au Aprili 1988. Muuzaji akikuapia 7S26 yake ni ya 1985, unajua la kumjibu.

Jihadhari na nyuso zilizopakwa upya: rangi ya chungwa kali au bluu ya kuwaka, maandishi manene yaliyovimba kingo. Mashine ndani inaweza kuwa nzima, ila anayekuuzia hiyo kwa bei ya orijino anakuonea. Na usikubali kulipa kabla mgongo haujafunguliwa. Ukiona kutu kwenye skrubu au kwenye shina la kitufe, rudisha tu. Muuzaji anayekataa kufungua ameshakujibu.

Kingine cha 7S26 ni kwamba haitiwi ufunguo kwa vidole, na ukivuta kitufe mshale wa sekunde hausimami. Usihangaike kuzungusha ukidhani imeharibika. Ndivyo ilivyoundwa.

Ya pili: yoyote yenye mashine ya NH35 au NH36

Hizi ni mashine za Seiko zinazouzwa kwa makampuni mengine, vito 24, ndugu wa 4R35 na 4R36 zilizomo kwenye Seiko zenyewe. Zinatiwa ufunguo, na mshale wa sekunde unasimama ukivuta kitufe, kwa hiyo unaweza kuirekebisha sambamba na redio. Utazikuta ndani ya Invicta Pro Diver na ndani ya saa nyingi za Kichina zenye majina ambayo hujawahi kuyasikia. Jina lisikutishe. Angalia mashine. Faida yake kubwa ni kwamba mashine nzima inaweza kuagizwa, kwa hiyo ikifa fundi anachomoa ya zamani, anaweka mpya, anahamishia uso na mishale. Tena NH36 inakaa kwenye bodi nyingi za 7S26, kwa hiyo Seiko 5 yako iliyochoka inaweza kufufuka nayo.

Usitegemee miujiza ya usahihi. Kwa 4R36 Seiko wenyewe wanaruhusu kuzidi sekunde 45 au kupungua 35 kwa siku. Nyingi hufanya vizuri kuliko hapo, lakini ukiona inazidi ishirini usimkimbilie fundi.

Ya tatu: Orient na Citizen otomatiki

Nimeziweka pamoja kwa sababu nazipenda sawa. Orient za nyota tatu zenye mashine ya 46943 ni ngumu kama jiwe, na nyingi zina kidude kwenye namba 2 cha kubadilishia siku; watu wengi hawakijui, wanazungusha mishale siku nzima. Kampuni hiyo sasa iko chini ya Seiko Epson. Citizen zenye mashine ya familia ya 8200, vito 21, zinatiwa ufunguo, ila nusu mwezi wake unajaza ukizunguka upande mmoja tu. Upande wa pili unazunguka bure na utausikia ukivuma mkononi. Si ugonjwa.

Kinachozishusha ni kopo la fundi. Spea zake zimo, ila chache.

Ya nne: HMT ya kutia ufunguo

Hii ni ya mtu anayetaka kujifunza. HMT zilitengenezwa India kuanzia 1961 kwa ushirikiano na Citizen, na kiwanda kilifungwa 2016. Mashine ya vito 17, nyembamba, haina nusu mwezi wala tarehe kwa nyingi, kwa hiyo ukiifungua unaona kila kitu kinavyofanya kazi. Kama una mtoto mdadisi, hii ndiyo ya kumfungulia. Tatizo ni zile zilizounganishwa vipande vipande na kupakwa uso mpya kabla ya kusafirishwa. Ni nyingi kuliko nzima. Nunua kwa mtu atakayekuruhusu uone ndani. Kila asubuhi itie ufunguo ukiwa umeivua, mpaka uhisi imekaza, kisha acha.

Ya tano: Vostok Amphibia

Ya Kirusi, kutoka Chistopol, imebuniwa 1967, na inahimili mita 200. Kitufe chake kikifunguliwa kinalegealegea kama kinataka kung'oka. Kiliundwa hivyo makusudi ili kisipindishe shina. Naipenda sana. Imekaa ya tano kwa sababu kuiagiza kutoka Urusi siku hizi ni kazi, na spea vivyo hivyo.

Ya sita: za Uswisi za bei ya kuanzia

Tissot yenye Powermatic 80 inakaa saa 80 bila kuvaliwa, na ni saa nzuri hasa. Lakini baadhi ya mashine hizo zina sehemu za plastiki na zimerekebishwa kiwandani kwa leza, kwa hiyo fundi wa Mwanjelwa hana pa kushika. Swatch Sistem51 ya 2013 ndiyo kabisa: vipande 51, skrubu moja, imefungwa isifunguliwe. Ikifa imekufa. Kama una ndugu anayesafiri na una hela ya kuituma nje kila baada ya miaka, nunua. Kama huna, ipite.

Zile zenye tumbo wazi zinazouzwa kwenye meza za mikanda, zimeandikwa majina makubwa ya Uswisi, sijazipa namba. Niliwahi kununua moja. Ilikwenda wiki tano.

Kuivaa huku kwetu

Saa iliyosafishwa vizuri inahitaji fundi tena baada ya miaka mitano hivi. Mtihani wa nyumbani ni huu: ivae kutwa, ivue usiku saa tatu, iache mezani. Seiko nzima itakuwa inakwenda kesho yake mchana kutwa. Ikisimama kabla ya jogoo, mafuta yamekauka. Na usibadilishe tarehe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, maana muda huo meno ya tarehe yameshikana na utayavunja.

Ivue ukishika jembe au shoka. Usiilaze juu ya spika. Sumaku ikiingia kwenye ile springi nyembamba, saa inaweza kukimbia dakika kadhaa kwa siku, na dawa yake ni kifaa cha kuondoa sumaku, kazi ya dakika moja. Ukimpelekea fundi akaichovya mashine nzima kwenye petroli bila kuifumua, mnyang'anye. Mmoja alinifanyia hivyo, saa ikaenda siku sita kwa furaha kisha ikasimama, kwa sababu petroli ilikuwa imeondoa uchafu pamoja na mafuta yote.

Kikubwa zaidi kwa sisi wa nyanda za juu ni mabadiliko ya hewa. Julai moja nilishuka Kyela kwenye msiba, joto na jasho siku mbili. Jioni ya kurudi, tulipopita Tukuyu baridi ikaanza, na kufika Uyole nikaona ukungu ndani ya kioo, umeziba namba 12 mpaka 3. Mpira wa mgongo ulikuwa umekauka, unyevu wa Kyela ukaingia, baridi ya Mbeya ikaugeuza maji. Sikuianika juani wala kuisogeza jikoni. Nilivuta kitufe nje, nikaifunga kwenye kitambaa kikavu, na saa mbili asubuhi nilikuwa barazani kwa fundi. Alifungua, akapangusa, akaionesha springi kwenye mwanga akitafuta doa la kutu. Hapakuwa na doa. Ningechelewa siku tatu, alisema, lingekuwepo. Akaweka mpira mpya, shilingi 3,000.

Sasa kila ninapopeleka saa kusafishwa namwambia abadilishe na mpira, hata kama wa zamani unaonekana mzima.