Nimefufua ndani ya Mark II GX100 nyumbani: vifaa vilivyonifaa na nisivyovipendekeza

Gari langu ni Toyota Mark II GX100 Grande, lenye namba ya usajili ya herufi B, na kwa nje halikuwa na shida kubwa. Injini ya 1G-FE, silinda sita, lita mbili, bado inazunguka kwa utulivu. Ndani ndiko kulikochoka. Dari ilikuwa imeachia na kushikizwa kwa pini, usukani umechunika, plastiki za milango zimepauka, na viti vimefunikwa kava za reksini zilizokuwepo tangu nilipolinunua. Sedani za toleo hili zilitengenezwa kati ya 1996 na 2000, kwa hiyo hata ile changa kabisa ni gari la makamo.

Msimamo wangu nauweka mapema: gari la umri huu lirudishwe, lisifunikwe. Hapa Dar tumezoea kuziba. Kiti kikichafuka tunakivisha kava, dashibodi ikipauka tunaipaka mafuta ya kung'arisha, kapeti likinuka tunatandika jingine juu yake. Mwisho gari linakuwa na tabaka tatu za vitu vya bei rahisi juu ya kitu kizuri kinachooza polepole. Kazi hii karibu yote nimeifanya uani kwangu, na gharama ya vifaa haikufika bei ya seti nzuri ya kava pamoja na kazi ya fundi wa dari.

Nilianza kwa kuvua kava. Chini yake kulikuwa na kitambaa cha velua, laini, chenye manyoya mafupi, ambacho ukikipitisha kidole kinabadilika rangi. Kilikuwa kichafu lakini kizima, isipokuwa upande mmoja wa kiti cha dereva. Viti vya mbele vinashikwa na bolti za spana namba 14, nne kwa kila kiti. Kabla ya kuzigusa, toa waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90, maana mfumo wa mifuko ya hewa hubaki na umeme kidogo hata betri ikishatoka. Waya zake hutambulika kwa soketi za njano. Ukikutana nazo usizipime kwa taa ya majaribio wala kuzikata.

Chombo nilichokinunua kwa kazi hii ni mashine ya kufyonza vumbi inayofyonza na maji, ile yenye pipa. Kati ya vyote nilivyotumia, hii ndiyo ningeinunua tena bila kufikiri. Unapuliza maji yenye sabuni kidogo, unasugua kwa brashi laini, halafu unavuta kwa mdomo mwembamba wa mashine taratibu, mstari kwa mstari. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama chai ya rangi. Siri ni kutumia maji machache na kuyavuta mara nyingi. Ukimwaga ndoo, sponji ya ndani inakunywa yote, na kwa unyevu wa Pwani haikauki kabla ya kuanza kunuka. Nilivianika viti uani kuanzia asubuhi, nikivigeuza.

Kapeti nalo lilitoka. Chini yake kuna tabaka nene la nyuzi la kuzuia kelele, na hilo lilikuwa limelowa upande wa abiria. Usioshe kapeti kabla hujajua maji yanaingilia wapi. Mark II hii ina milango isiyo na fremu za vioo, kwa hiyo kioo kinategemea mpira wa bodi peke yake kuzuia mvua. Mpira ukishakakamaa, mvua ya masika inapenya, na bomba la presha la waosha magari ndilo baya zaidi. Lakini kwangu kulikuwa na chanzo cha pili: mpira mwembamba wa kutolea maji ya AC ulikuwa umeziba, na maji yakarudi ndani. Ukiona unyevu upande wa abiria hata siku za jua kali, anzia hapo. Kuuzibua ni kazi ya waya laini, na haina gharama.

Sasa dari. Kitambaa cha dari hakijabandikwa moja kwa moja kwenye ubao wake. Katikati pana sponji nyembamba ya milimita chache, na hiyo ndiyo inayokufa. Sponji ya poliyurethane humomonyoka kwa joto na unyevu, na jiji hili lina vyote viwili mwaka mzima. Ndiyo maana pini hazisaidii, na wala haisaidii kudunga gundi kwa sindano, mbinu ambayo mafundi wengi wa barabarani bado wanaiuza. Gundi inashika unga wa sponji, haishiki ubao. Baada ya wiki chache kitambaa kinakugusa kichwani tena.

Dari lazima ishuke. Nilichomoa vizuia jua, taa ya ndani, mishikio ya abiria na plastiki za nguzo, nikalaza viti (nilikuwa nimevirudisha kwa muda bila bolti) na tukautoa ubao kwa mlango wa mbele wa abiria. Nasema tukautoa kwa sababu kazi hii inataka watu wawili. Ubao wa dari ni mwepesi lakini ukikunjika mara moja, alama yake haiondoki na itaonekana chini ya kitambaa kipya. Mdogo wangu alishika upande wa nyuma.

Kitambaa cha zamani hung'oka chenyewe. Kinachobaki ni sponji iliyogeuka unga wa rangi ya machungwa unaonata. Huu usugue wote kwa brashi ngumu ya nguo, kavu, bila maji, maana ubao wenyewe ukilowa hulainika. Vaa barakoa na ufanyie nje. Pitisha kiganja juu ya ubao: kikitoka na rangi, bado hujamaliza. Hapa ndipo kazi ya dari inapoamuliwa, na hapa ndipo mafundi wa haraka wanaporuka.

Kitambaa nilikipata Kariakoo. Kuna duka nililoonyeshwa kitambaa cha makochi na kuambiwa kinafaa vilevile. Hakifai. Kitambaa cha dari kinakuja na sponji yake imegandishwa nyuma, na unene wa milimita 3 unatosha kuficha mikwaruzo ya ubao. Ukiwa dukani fanya mambo mawili: shika kona na ujaribu kubandua sponji kwa ukucha, isibanduke kirahisi, halafu kivute pande zote mbili, kinyumbuke walau upande mmoja, la sivyo hakitaingia kwenye mabonde ya ubao. Nilichukua kijivu cha mkaa badala ya rangi ya maziwa iliyokuwepo. Hayo ndiyo mabadiliko makubwa niliyojiruhusu, na nimeyapenda sana: velua ya viti imeonekana zaidi. Nyeusi kabisa nisingeiweka, ingeifanya kabini ionekane ndogo.

Gundi ndiyo kitu cha kutobania pesa. Ile ya kopo wanayotumia mafundi viatu inashika vizuri sana siku ya kwanza, ila hulainika joto likipanda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walipima magari yaliyoegeshwa juani kwa saa moja tu wakati wa kiangazi: hewa ya ndani ilifika wastani wa nyuzi 47 za Selsiasi, usukani 53, dashibodi 69. Na magari yetu hukaa juani kutwa. Nunua gundi ya kupuliza iliyoandikwa kuwa ni ya dari za magari na inayotaja kuhimili joto kubwa, nyuzi 70 na zaidi. Unapuliza pande zote mbili, ubao na sponji, unasubiri mpaka ukigusa inanata bila kufuatana na kidole, ndipo unakutanisha. Kunja kitambaa nusu, anzia katikati, sukuma kwa kiganja kuelekea pembeni. Ukifika kwenye bonde, kiingize kitambaa kwanza mpaka chini halafu endelea. Kikipita juu ya bonde kikiwa kimevutwa, kitataka kunyooka siku moja na kitaachia hapohapo.

Masika yamepita na joto la Desemba hadi Februari limepita. Hakuna mahali palipoachia, hata kwenye ukingo wa kioo cha nyuma ambako dari nyingi huanzia kufa.

Usukani niliuvisha ngozi halisi ya ng'ombe, unene wa milimita 1 hivi, kwa kushona kwa mkono ukiwa papo hapo garini, kwa hiyo mfuko wa hewa sikuugusa. Seti zilizokatwa tayari zipo, ila yangu nilikata mwenyewe. Unazungushia usukani karatasi ya nailoni, juu yake utepe wa karatasi wa wapaka rangi, unachora mstari wa mshono, unakata kwa wembe na kuitandaza. Hiyo ndiyo ramani yako. Ikate ngozi ndogo kidogo kuliko ramani ili ivutike na kubana. Tumia uzi wa nailoni uliopakwa nta na sindano mbili. Vidole vitauma, na ni kazi ya jioni kadhaa, si ya siku moja. Lakini kila nikishika gari hili asubuhi, hapo ndipo mikono yangu inapofurahi kwanza. Kava za kuchomeka za sokoni sizipendekezi kwa yeyote: zinateleza, na usukani unaoteleza kwenye kona ni hatari.

Rangi ya plastiki ndiyo kifaa nilichokipa alama za chini kuliko vyote, ingawa si kibovu. Kopo linaahidi kupuliza na kuondoka. Ukweli ni kwamba plastiki za milango zimenyonya mafuta ya silikoni ya miaka mingi, na rangi ikikutana na silikoni inafanya vishimo vidogo kama macho ya samaki. Nilizisafisha kwa sabuni, kisha spiriti, nikapiga msasa laini namba 600, nikarudia spiriti. Plastiki za polipropilini zinahitaji pia praima yake maalumu, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, maana rangi ya kawaida haizishiki kabisa. Jaribu kwanza kwenye upande wa nyuma usioonekana: rangi ikibanduka kwa ukucha, haijashika. Baada ya hapo tabaka nyembamba tatu, ukiacha kila moja ikauke. Zimetoka vizuri, ila sehemu ambayo kiatu hugonga wakati wa kushuka imeshaanza kuchubuka.

Ufa mdogo wa dashibodi sikuuziba. Kwa joto lile, plastiki inatanuka na kusinyaa kila siku, na kiraka kigumu hupasuka kando yake. Nimeweka kizuia jua cha kioo cha mbele, na ninakitumia kila ninapoegesha.

Upande uliochanika wa kiti cha dereva nilimpelekea fundi wa viti, na hapo sijutii kulipa. Mshono wa pembeni ya kiti unavutwa na pete za waya ndani ya sponji, unahitaji koleo lake na mkono uliozoea. Alipata kitambaa cha kulinganisha kutoka kiti cha nyuma cha Mark II iliyokatwa spea. Nilimwomba jambo moja kabla hajaanza, nanyi mwombeni fundi wenu: pale sponji ilipobonyea asijazie ya godoro. Ni laini mno, inalala ndani ya miezi. Atafute sponji nzito ya kiti cha gari kilichotumika, aikate kwa umbo, aigandishe. Fundi wangu alikubali mara moja, akasema wateja wengi hawaulizi.