Royal Deeside na themosi ya mama

Naandika hii bado nina hasira na safari yenyewe si ya juzi, ni mwaka jana ama ule mwingine, kiangazi cha huko ndio kimeanza, nilimpeleka mama Scotland kwa sababu tangu 2022 wimbo wake ulikuwa mmoja, anataka kuiona ile barabara ya Royal Deeside, bonde la mto Dee. Barabara gani? Ile lilipita gari lililobeba jeneza la Malkia Elizabeth kutoka kasri la Balmoral, likapita Ballater, Aboyne, Banchory, mpaka Aberdeen, wakulima wamepanga matrekta shambani kama gwaride. Mama aliitazama yote kwa TV hata jikoni hakwenda. Yeye ni mtu wa Nyeri, na huko kila mzee atakwambia Elizabeth alipanda Treetops, ile hoteli ya juu ya mti, binti mfalme akashuka malkia, 1952, mama mwenyewe akiwa bado wa kubebwa mgongoni lakini akisimulia utadhani ndiye alimshikia ngazi.

Basi nikalipia ziara ya siku nzima, basi dogo la watu kumi na kitu, kampuni siitaji. Asubuhi nikampa mama noti mbili za pauni tano asikae mikono mitupu. Akazigeuza geuza, moja ina Malkia, nyingine ni ya benki ya hukohuko Scotland, haina.
"Malkia yuko wapi kwa hii?"
Nikamwambia zote ni pesa mama. Akazitia mifuko tofauti.

Sasa sikiliza. Hata Banchory hatujafika, mto Dee ndio umeanza kuonekana kushoto, mama akatoa themosi yake, hajamimina jamani, amefungua kifuniko tu anuse kama maziwa hayajaharibika. Dereva akamwona kwa kioo. Akasimamisha gari. AKASIMAMISHA GARI! Akageuka mzima mzima, kidole juu, ati ndani ya gari lake hakuna vinywaji vya moto, ati kama tulitaka pikiniki tungebaki kwenye bustani za mjini. Watu wote kimya. Na hapo mbele, pembeni ya usukani, kikombe chake cha kahawa kinatoa moshi!

Sheria naielewa, chai ikimwagika kwa kona unaweza kuchoma mtu, sikatai. Lakini kuna kumwambia mtu na kuna kumfokea, na huyu ni mama wa miaka sabini na kitu. Mama akafunga kifuniko, akasema "pole mwanangu", kwa Kiswahili, dereva hata hakujua ameitwa mwana.

Kuanzia hapo mimi kila kitu nilikiona kwa jicho baya. Ballater ni mji mdogo msafi, reli iliishia hapo, Malkia Victoria alikuwa anashuka hapo anamalizia kwa farasi, stesheni iliungua 2015 wakaijenga upya vizuri sana, na mimi nimesimama mbele yake nafikiria kikombe cha kahawa. Madukani milangoni kuna nembo za kifalme, kumaanisha hata mchinjaji wa nyama anatambuliwa na ikulu na mama yangu hana pa kunywea chai.

Balmoral tukapewa dakika arobaini. Arobaini! Unaachwa Crathie, uvuke daraja kwa miguu, utembee na mzee, mpaka uione kasri dakika zimebaki za kupiga picha. Kasri lenyewe kusema ukweli ni zuri, mawe ya kijivu yanang'aa, Albert mumewe Victoria alinunua shamba lile 1852 na jengo hili likaisha 1856, miaka mitano baadaye yeye akafa. Mjane wake akamjengea piramidi ya mawe juu ya kilima, na hiyo piramidi ndiyo mimi nilienda kuiona, sikuiona, kwa sababu bwana mkubwa alikuwa anapiga honi. Mama alikaa kwenye benchi akitazama tu madirisha. "Kwa hiyo Elizabeth alifia hapa." Hakusema kingine.

Nilikuwa nimeamua nyota moja. Lakini baada ya Braemar tukafika Linn of Dee, pale mto unabanwa na miamba mpaka unakuwa kama mfereji, maji yanapita na kelele, juu yake daraja alilofungua Victoria mwenyewe 1857, misonobari kila upande. Huko nje sheria ya gari haifiki. Mama akamimina chai na bado ilikuwa moto, saa tisa hiyo! Themosi naipa nyota tano bila kufikiri. Nikaanza kulegea, nikasema labda jamaa alilala vibaya, barabara yenyewe ni ya makona, mvua inakuja na kuondoka, kuendesha watu si mchezo. Wapi. Kurudi nyuma nikakiona kile kikombe, kimejazwa upya.

Mandhari nyota tano, nendeni, lakini kodi gari lako msimame mnapotaka. Huyu dereva mbili. Haya, mbili na nusu, kwa sababu alimpa mama mkono wakati wa kushuka.

Na hapo ndipo mama akaniudhi kuliko dereva, akaingiza mkono mfukoni akampa bakshishi, pauni tano nzima! Nikamuuliza njiani, mama, yule mtu wa kupewa pesa?
"Nilimpa ile isiyo na Malkia."