Mbegu za mafuta za kula nyumbani: ipi uinunue kwanza

Ukienda sokoni kununua mbegu za mafuta za kula, si za kukamua, uliza kwanza habari ya ganda.

Namba moja naupa ufuta, ule wa rangi ya udongo ambao haujakobolewa. Mweupe unapendeza machoni, lakini gramu 100 za ufuta wenye ganda zina kalsiamu karibu miligramu 970, na ukishakobolewa sehemu kubwa imekwenda na pumba. Oksaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbegu, huishika kalsiamu hiyo, mwili usiipate yote. Hata hivyo unabaki na chuma kingi na protini gramu 18 hivi. Kabla ya kulipa, omba bakuli la maji, tia kiganja kimoja, koroga, kisha mimina taratibu uone kama kuna mchanga uliobaki chini. Mwaka jana niliona aibu kumpima muuzaji hivyo, nikabeba kisado kizima. Kashata zile hata watoto walizitema.

Mbegu za maboga zinafuata: protini karibu gramu 30, magnesi na zinki kwa wingi. Zilizomenywa ni ghali, na sioni sababu ya kuzinunua wakati boga la futari linapasuliwa na mbegu zinatupwa. Zioshe, zianike, zikaange na chumvi.

Karanga zingekuwa juu, kwa bei yake na protini gramu 25, isingekuwa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Chukua zenye maganda, pasua kama kumi hivi palepale. Punje iliyosinyaa, yenye ukungu wa kijani au iliyobadilika rangi ni dalili ya kuhama meza. Kukaanga hakuimalizi sumu hiyo. Kwa sababu hiyohiyo siununui unga wa lishe uliokwisha kuchanganywa na karanga: zikishasagwa, utazikaguaje? Nunua karanga peke yake, saga mwenyewe.

Kweme, mbegu kubwa bapa ya mmea utambaao wa jamii ya maboga, ukiikuta, hasa maeneo ya Kilimanjaro na Usambara, usiiache. Huko hupikiwa mzazi aliyetoka kujifungua, na kiini chake ni mafuta kwa zaidi ya nusu. Ila kuibangua ni kazi, na ganda lake ni chungu, lazima litoke lote.

Alizeti ya kwenye magunia naiweka mwisho. Ina vitamini E nyingi, lakini hiyo ni ya kukamulia: utamenya jioni nzima upate kikombe cha kahawa.