TV ya hosteli, na yule bwana aliyenituma kwa babangu

Wanaoanza chuo hawaishi kuniuliza kama inafaa kubeba TV hadi hosteli. Jibu langu: msijisumbue. Na kosa si la TV.

Yangu ya inchi 32 niliinunua hapa Malindi, duka moja la vyombo vya umeme karibu na soko, kwa pesa za HELB, mkopo wa serikali wa wanafunzi, zilizoingia kwa kuchelewa kama kawaida yake. Nikaikumbatia ndani ya tuktuk mpaka Barani. Keateka, mwangalizi wa hosteli, akanuna kwamba tutammalizia tokeni za umeme. Nikamweleza kwa heshima: TV kama hii haifiki hata wati 100, ile koili ya kuchemshia maji inapita 1,000. Akanyamaza. Nadhani naye anayo koili.

Haikumaliza muhula. Usiku mmoja umeme ukapotea, ukarudi, ukapotea tena, si mwajua wa huku, na uliporudi mara ya mwisho TV ikawa inasema tu. Habari zinasomwa, kioo cheusi tititi. Mwenzangu wa chumba, anayesomea umeme, akazima taa, akasogeza tochi ya simu karibu kabisa na kioo, kwa upande. Picha ikaonekana! Hafifu, lakini ipo: msomaji wa habari na tai yake. "Kioo kizima," akasema, "zilizokufa ni taa za nyuma. Zimeungwa kwa mfuatano, moja ikiungua mstari wote unazimika."

Basi nikairudisha dukani na risiti na karatasi ya waranti ya mwaka mzima. Yule bwana wa kaunta hakuinuka kitini. Hakuichomeka hata kwenye umeme. Alilitupia boksi jicho tu: "Hiyo ni chumvi. Mwaishi karibu na bahari, hewa imeila. Waranti haihusiki na chumvi."

Chumvi! Duka lake liko karibu na bahari kuliko hosteli yetu. Mbona zile alizozitundika ukutani hazijaliwa? Nikamwomba, "Kaka, tafadhali iwashe tu nikuonyeshe kwa tochi." Akawageukia wateja, anacheka: "Huyu mtoto ataka kunifunza kazi. Nenda kamwambie babako akununulie nyingine."

Wallahi masikio yaliniwaka. Babangu yuko Lamu na mashua yake, na senti moja ya TV ile hakuitoa. Na ni bwana huyohuyo aliyeniganda ninunue king'amuzi, eti tangu analojia izimwe 2015 TV haishiki kitu bila hicho. Kumbe ile TV ina kipokezi cha dijitali ndani yake. Ukichomeka antena, stesheni za bure zinakuja zenyewe.

Fundi wa Maweni ndiye aliyeifungua akabadilisha taa, kwa bei ndogo kuliko nilivyoogopa. Duka lile, nyota sifuri.

Sasa, nilitaka kuishia hapo, msilete. Lakini nikikumbuka mechi ile ya soka ya mashindano ya CHAN, Agosti 2025, Harambee Stars yetu ya Kenya na Morocco, roho inalegea. Chumba kimejaa, wasichana juu ya vitanda mpaka vinalia. Ogam akafunga, punde Erambo akala kadi nyekundu, na kipindi kizima cha pili tukalinda bao moja na watu kumi. Keateka wa tokeni alisimama mlangoni hadi filimbi ya mwisho, na hakuuliza mita inasoma ngapi. Simu ingetupa wapi hayo?

Basi leteni. Ingawa wenzangu wawili hawasemezani hadi leo kwa ajili ya rimoti, kwa hiyo sijui. Mkileta, nunueni na gadi ya TV, kile kifaa cha kuikinga umeme ukipotea na kurudi, siku hiyohiyo, na iwasheni hapohapo dukani kabla ya kulipa. Na muuzaji akikwambia ni chumvi, mwambie afungue kifuniko cha nyuma akuonyeshe kutu.