Raba mpya za kanopi, na kioo wakakiharibu

Nimengoja hasira zishuke ndipo niandike. Hazijashuka.

Naishi kusini mwa Ujerumani na nina hisa kwenye glaida ya zamani, yaani ndege isiyo na injini, aina ya Grob Astir, pamoja na wenzangu wa klabu. Raba zinazozunguka kanopi, kile kifuniko cha kioo juu ya rubani, zilikuwa zimekwisha: zimekauka, ukizigusa zinamomonyoka, kwingine zimebanduka kabisa. Asiyerusha glaida ataona ni jambo dogo. Ndege ikiwa angani, mgandamizo wa hewa inayopita juu ya kanopi hushuka, kwa hiyo hewa ya ndani inafyonzwa nje kupitia kila mwanya na kuvuruga mtiririko unaopita kwenye kiunzi na mashina ya mabawa. Unapoteza kimo bure, na injini huna. Tena kuna mluzi. Wetu ulikuwa unameza mlio wa variometa, chombo kinacholia kukuambia kama unapanda au unashuka, na usipousikia mlio huo unabaki kukodolea macho vipimo vya dashibodi wakati ungepaswa kutazama nje, maana kwenye mkondo mmoja wa hewa moto inayowapandisha mnazunguka glaida kadhaa.

Majira ya baridi tukaipeleka kwenye karakana iliyosifiwa sana pale klabuni. Niwatendee haki: bei waliyotaja ndiyo tuliyolipa, na kazi iliisha siku waliyoahidi.

Siku ya kuichukua, kanopi ikagoma kufunga. Walikuwa wamebandika raba ya sponji nene mno pande zote, fremu imeinuka, kitasa cha kufungia hakifiki mwisho. Nikamuuliza fundi, kwa Kijerumani, mbona hivi. Hakunijibu. Akamgeukia mwenzangu Mjerumani: “Mwambie asukume kwa nguvu.” Mimi nimesimama hapo hapo! Jina lililoandikwa kwenye karatasi ya kazi ni langu, na pesa nimetoa mimi. Na hicho alichoagiza ni hatari. Ukilazimisha fremu unakamua kioo cha akriliki mpaka kinapasuka, na kanopi iliyofungwa nusu inaweza kufunguka ndege inapopaa. Kuna marubani waliokufa hivyo. Mwenzangu akarudia maneno yangu yaleyale, neno kwa neno, na hapo ghafla fundi akaelewa. Akatoa sponji, akaweka nyembamba.

Hata hivyo nilimeza hasira. Niliporuka mara ya kwanza, winchi, mashine inayovuta glaida kwa kamba mpaka ipae, ikanipandisha na mle ndani kukawa kimya kitupu. Miguu haikuganda. Variometa niliisikia vizuri kuliko wakati wowote tangu tuinunue ile ndege. Ningeulizwa jioni ile ningetoa nyota nne na kumsamehe yule bwana ufidhuli wake.

Wiki chache baadaye nikageuka kuelekea jua la jioni. Ukingo mzima wa kioo ukawaka vijistari: nyufa ndogo ndogo kama nywele, mamia, zimefuata ule mstari tu ambapo gundi ya zamani ilikuwa. Mahali pengine popote kioo ni safi. Kila anayeshika akriliki anajua kwamba thina na asetoni huitafuna namna hiyo, na nyufa zikishaingia hakuna kuzing’arisha zikatoka. Nikapiga simu. Jibu: “Kioo kimezeeka.” Uzee gani huo unaochagua sentimita mbili za pembeni na kuacha katikati? Picha tulizopiga kabla ya kuwapelekea hazionyeshi hata ufa mmoja. Nikamwambia nitamtumia. Akakata simu.

Kanopi mpya ni maelfu ya euro. Raba zilizochakaa zilikuwa zinanipigia mluzi tu, kioo zilikiacha kizima.

Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kuwapa nyota mbili, kwa ajili ya ule ukimya. Naziondoa zote. Ukitaka kubadilisha raba, kabla hujakabidhi ndege muulize fundi anaondoa gundi ya zamani kwa kitu gani. Akitaja thina, au akimjibu mtu mwingine badala yako, funga trela uondoke.